Bendera Tatu, Mkia Mmoja: Shirika la Ndege la Afrika Mashariki Lirudi?

Hoja: Kenya, Tanzania na Uganda ziachane na mashirika yao na kurudi kwenye shirika moja la ndege, kama lilivyokuwa East African Airways hadi 1977.

FUNDI MSTAAFU: Nianze na miaka, maana vijana wa leo wanadhani jeti ililetwa Afrika Mashariki na Dreamliner. East African Airways ilianza kuruka Januari 1946 na vindege vya Dragon Rapide, vilivyoundwa kwa mbao na kitambaa. Mwaka 1960, Tanganyika haijapata uhuru, Uganda bado, Kenya bado, shirika letu lilikuwa tayari na Comet 4. Mwaka 1966 likapokea Super VC10 ya kwanza. Tukafika London, Roma, Bombay, mpaka New York. Miaka 20 tu, kutoka kitambaa hadi jeti ya injini nne. Mimi niliingia karakana ya Embakasi, Nairobi, nikiwa kijana kutoka Tanga. Pale hakuna aliyekuuliza pasipoti; uliulizwa una leseni ya injini gani. Tulikuwa na kitu kizima, tukakikata vipande vitatu, na tangu siku hiyo hakuna kipande kilichosimama bila kushikiliwa na Hazina ya nchi yake.

AFISA WA UCHUKUZI: Kizima kwa nani, mzee wangu? Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 uligawa makao makuu hivi: bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege Nairobi. Mgawanyo unaonekana wa haki mpaka siku ya kuachana. Karakana kuu, vipuri na vitabu vya hesabu, vyote vilikuwa Embakasi. Ndege ziliposimamishwa mwishoni mwa Januari 1977, Kenya Airways ilikuwa imeshaandikishwa tarehe 22 ya mwezi huohuo, na Februari 4 ikawa angani. Air Tanzania tuliiunda Machi 11. Hesabu mwenyewe nani alikuwa amejiandaa.

FUNDI MSTAAFU: Hilo ni la wanasiasa. Tangu Amin apindue serikali ya Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na kikao cha marais watatu hakikuitishwa tena. Shirika lenye wenye mali watatu wasiosalimiana lingeendeshwaje? Injini hazikuwa na kosa.

MCHUMI: Hapo naomba nikupinge kwa heshima, mzee. Injini nazo zilikuwa na kosa. VC10 iliundwa kwa viwanja vya joto na vya juu kama Nairobi, ambako hewa ni nyepesi na ndege hupaa kwa shida. Injini nne zikawekwa mkiani ili mabawa yabaki huru kuinua. Rubani aliipenda, abiria aliipenda kwa ukimya wake, ila ilikunywa mafuta kuliko Boeing 707. Halafu kati ya Oktoba 1973 na mwanzo wa 1974 bei ya mafuta ghafi duniani ikapanda karibu mara nne. Na Comet ni kisa hichohicho. Comet ya kwanza ilipoanzisha safari za jeti za abiria duniani, Mei 2, 1952, kutoka London kwenda Johannesburg, ilitua Entebbe. Fahari kubwa. Miaka miwili baadaye Comet mbili zikapasuka angani juu ya bahari ya Italia, zote mwaka 1954, chuma kikiwa kimechoka kwa kuvimba na kunywea kila safari. Comet 4 iliporudi imerekebishwa Oktoba 1958, mwezi huohuo Pan Am ikaweka 707 kati ya New York na Paris. Mashirika mengi makubwa yakaenda Boeing. Sisi, mlezi wetu akiwa BOAC, tukanunua cha Mwingereza.

FUNDI MSTAAFU: Binti yangu, unajua VC10 zetu zilikwenda wapi? Tulikuwa nazo tano. Moja ilianguka Addis Ababa Aprili 1972, watu 43 wakafa. Nne zilizobaki zilirudishwa Uingereza baada ya shirika kufa, na jeshi la anga la Waingereza likazigeuza kuwa matangi ya kujazia ndege nyingine mafuta angani. Zilitumika kazi hiyo mpaka 2013. Moja, iliyokuwa na namba ya Tanzania, 5H-MOG, ipo mpaka leo, imehifadhiwa Dunsfold, Uingereza. Chombo kibovu huruka mpaka 2013?

MCHUMI: Jeshi halitafuti faida, mzee. Ndiyo maana liliweza.

MFANYABIASHARA: Nipenyeze hapo kabla hamjaenda mbali. Mimi ni wa Mwanza, nauza samaki na mabondo. Miaka yote mnayobishana nani alibaki na Embakasi, minofu ya sangara kutoka ziwani kwetu inapanda lori, inavuka Sirari, inakwenda Nairobi kupanda ndege ya Ulaya. Barafu inayeyuka, dereva anasimamishwa kila kizuizi, na karatasi zinaandikwa upya mpakani. Huyo mteja wa Ulaya hajali mkia wa ndege umepakwa twiga au simba. Nyinyi ndio mnaojali.

MWANDISHI: Niongeze jambo ambalo Mwanza wenyewe wamelisahau. Imperial Airways ilipofungua njia ya ndege kutoka London kuja Afrika Mashariki, Februari 1931, mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Barua zilifika huko kwa ndege miaka 46 kabla ya Air Tanzania kuzaliwa.

AFISA WA UCHUKUZI: Na ndiyo sababu Serikali ilinunua Boeing 767 ya mizigo, ikafika Juni 2023. Mama, sikiliza kilichofuata. Tuliomba ndege hiyo iruhusiwe kupakia mizigo Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Kenya wakakataa. Januari 2024 tukatangaza kwamba kuanzia tarehe 22 Kenya Airways haitaleta abiria Dar es Salaam kutoka Nairobi. Haikuchukua wiki, wakakubali. Sasa niambie: kama tusingekuwa na ndege yetu, tungeomba nini, na tungewatisha kwa nini?

MCHUMI: Unajisifu kwa ugonjwa, Afisa. Hebu tueleze watu ugonjwa wenyewe. Novemba 1944 wajumbe wa nchi zaidi ya 50 walikutana Chicago kupanga usafiri wa anga baada ya vita. Walikubaliana kwamba kila nchi ni mwenye anga lake. Walikubaliana kuhusu usalama na usajili. Lakini biashara, yaani nani aruhusiwe kubeba abiria kutoka wapi kwenda wapi, iliwashinda. Marekani walitaka milango wazi kwa sababu walikuwa na ndege. Waingereza walitaka mafungu yapimwe kwa sababu hawakuwa nazo za kutosha. Mwaka 1946 wakakutana Bermuda wawili hao, wakapatana wenyewe kwa wenyewe, na tangu hapo dunia nzima ikafuata mtindo wa nchi mbilimbili kukaa na kuuziana njia. Kwa hiyo haki ya kuruka ni mali ya serikali, na serikali humpa mtu wake. Ndiyo maana kila rais anataka shirika. Si kwa ajili ya mama huyu. Ni ili awe na kitu cha kuweka mezani.

AFISA WA UCHUKUZI: Basi tukae bila kitu mezani?

MCHUMI: Meza yenyewe iondolewe. Mawaziri wa Afrika walishaamua Yamoussoukro mwaka 1999: mashirika ya Afrika yaruke kati ya nchi za Afrika bila kupimiwa safari wala viti. Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la anga juu ya uamuzi huo. Ukitekelezwa, ndege ya Addis inapakia samaki Mwanza, ya Kigali inapakia, hata ya Nairobi. Hakuna haja ya Tanzania kumiliki bawa hata moja.

FUNDI MSTAAFU: Na ndege ya Addis ikiamua Mwanza hailipi?

MCHUMI: Itakuja nyingine.

FUNDI MSTAAFU: Mwaka 1977 hatukuona nyingine ikija.

MFANYABIASHARA: Mzee, wewe nawe, shirika lenu moja lilinisaidia nini mimi?

FUNDI MSTAAFU: Ulikuwa hujazaliwa, mama. Fokker F27 zilitua Mwanza, Tabora, Mtwara, kwa ratiba, na faida ya London ndiyo iliyosaidia kulipia Tabora. Halafu mnasema nchi tatu haziwezi kumiliki ndege moja. Ziliweza. VC10 zilisajiliwa kwa kugawana: nyingine zilianza na 5Y za Kenya, nyingine 5H za Tanzania, nyingine 5X za Uganda. Fundi alizihudumia zote kwa kitabu kimoja. Na hatukuwa peke yetu. Denmark, Norway na Sweden waliunda SAS Agosti 1946, miezi saba baada yetu. Wasweden walichukua sehemu tatu kati ya saba, wenzao mbilimbili, na ndege zikasajiliwa kwa nchi zote tatu vilevile. Sisi tulikufa. Wao wanaruka.

MWANDISHI: Ukitaka kulinganisha kwa haki, chukua watoto watatu wa msimu mmoja. Ethiopian Airlines iliundwa Desemba 1945 na kuruka mara ya kwanza Aprili 1946; East African Airways ilianza Januari 1946; SAS Agosti 1946. Mmoja ni wa nchi moja, wawili ni wa nchi tatutatu. Sioni kwamba idadi ya wazazi peke yake inaeleza nani alifika uzeeni, ila washiriki wana mawazo yao.

MCHUMI: SAS isitumike kama ushahidi wa milele. Norway iliuza hisa zake 2018. Mwaka 2022 SAS ilikimbilia mahakama ya Marekani kuomba kinga dhidi ya wadai, na ilipotoka 2024 Sweden nayo haikuwa tena na hisa. Air France-KLM wameingia. Hao ni majirani wasiogombana kama sisi. Tazama waliofanana nasi zaidi. Air Afrique iliundwa 1961 na nchi 11 zilizotawaliwa na Ufaransa. Kila nchi ilitaka ajira kwa watu wake, tiketi za bure kwa mawaziri wake, na safari mpaka mji wake mkuu. Ikafa 2002. Gulf Air ilimilikiwa na Bahrain, Qatar, Abu Dhabi na Oman kuanzia 1974. Qatar ikatoka 2002, Abu Dhabi 2005, Oman 2007. Amebaki Bahrain peke yake, na waliotoka wana Qatar Airways, Etihad na Oman Air. Ubia wa serikali kwenye ndege una tabia ya kuvunjika pale ambapo mmoja anapata hela ya kununua zake.

AFISA WA UCHUKUZI: Umenitetea mimi hapo, Daktari. Qatar ilitoka na ikafanikiwa. Ethiopia ni nchi moja, haina hata bahari, shirika ni la serikali kwa asilimia mia, na ndilo kubwa kuliko yote Afrika. Basi kila mtu na lake.

MCHUMI: Ethiopia waliacha shirika liendeshwe na watu wa ndege. Walianza na TWA ya Marekani kama mwalimu, wakajenga shule yao ya marubani na mafundi, wakajitegemea. Hata Mengistu, aliyekuwa rafiki wa Moscow, aliwaacha wanunue Boeing 767 mwaka 1984. Mkomunisti aliona kwamba ndege ya kununua iamuliwe na wanaoirusha. Je, sisi? Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliripoti kwamba Air Tanzania ilipata hasara ya Sh bilioni 56.64 mwaka 2022/23. Ndege zinanunuliwa na Serikali, shirika linazikodi kwa Serikali, na kwenye picha ya mapokezi uwanjani huoni mhasibu.

AFISA WA UCHUKUZI: Dawa yako tulishainywa. Mwaka 2002 tuliuza asilimia 49 ya Air Tanzania kwa South African Airways. Tuliambiwa mwekezaji atalifufua shirika. Mwaka 2006 ubia ukavunjika, tukanunua hisa zetu, na Desemba 2008 shirika likazuiwa kuruka kwa kukosa viwango. Kenya walitangulia: KLM walichukua asilimia 26 mwaka 1996, hisa zikauzwa soko la Nairobi, kila mtu akawatolea mfano. Mwaka wa fedha 2015/16 wakapata hasara ya Sh bilioni 26 za Kenya. Mwaka uliofuata serikali na mabenki wakalazimika kuyageuza madeni kuwa hisa.

MCHUMI: Kenya walinunua ndege kubwa nyingi kwa mpigo, wakafunga mikataba ya kununua mafuta mapema na bei ikaanguka. Hayo ni makosa ya uamuzi.

AFISA WA UCHUKUZI: Ya serikali huitwa ugonjwa, ya binafsi huitwa makosa ya uamuzi.

MFANYABIASHARA: Huyo umemshika. Lakini ngoja, Afisa, na wewe sijakumaliza. Novemba 2012 Fastjet walianza kuruka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ikianzia Sh 32,000. Mimi nilipanda. Mama yangu mzazi alipanda, mwanamke ambaye alikuwa hajawahi kuona mawingu kwa juu. Wauza dagaa walipanda. Mwishoni mwa 2018 wakaondoka, na nauli sijaiona tena ikianzia hapo. Mlifanya nini kuwazuia wasiondoke?

AFISA WA UCHUKUZI: Walikuwa na madeni, na walibaki bila ndege za kuendeshea ratiba. Mamlaka haiwezi kumwacha mtu auze tiketi bila ndege. Nauli ya Sh 32,000 ilikuwa ya kuvutia, mama. Kodi na mzigo vilikuwa juu yake, na aliyechelewa kununua alilipa nyingi zaidi. Mbona huulizi nani anatua Mpanda? Nani anatua Songea? Fastjet hakutua huko hata siku moja. Bombardier za Air Tanzania zinatua.

FUNDI MSTAAFU: Hilo nalikubali. Ndege ya abiria 76 inayokwenda Mpanda haitafutwi na mwekezaji wa London.

MCHUMI: Basi ilipiwe waziwazi. Marekani walipofungua soko Oktoba 1978, sheria ileile iliweka fungu la kulipia safari za miji midogo: serikali inatangaza zabuni ya ruzuku, anayeshinda anaruka. Nasi hivyo tungejua Mpanda inagharimu kiasi gani. Leo gharama ya Mpanda, ya Guangzhou na ya Mumbai zimechanganywa kwenye hasara moja, na mlipakodi hajui alilipia ipi. Na hapo ndipo mzee ananikaribia kidogo. Kenya Airways inakwenda Mumbai. Air Tanzania inakwenda Mumbai. Uganda Airlines, iliyofilisiwa 2001 na kufufuliwa 2019 na kununuliwa Airbus A330 mbili, nayo imekwenda Mumbai. Serikali tatu zinagombea mgonjwa yuleyule anayekwenda kutibiwa.

FUNDI MSTAAFU: Sasa umesema! Ndege kubwa ikikaa chini haizai, na ndege mbili hazitoshi kumlipa fundi aliyebobea. Ukiwa nazo mbili, moja ikiharibika injini umepoteza nusu ya shirika. Ukiwa nazo 15 za aina moja unaweka injini ya akiba ghalani. Hiyo ndiyo hesabu ya karakana, haina chama. Na usalama pia. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia Air Tanzania kuingia anga lake, na Juni 2025 ukazuia mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Nililia kama nimefiwa. Jumuiya ina chombo chake cha usalama wa anga, CASSOA, kilichoundwa 2007 na kilichoko Entebbe. Kipewe meno, wakaguzi wawe wa pamoja, wasiogope waziri wa nchi yao.

AFISA WA UCHUKUZI: Ukaguzi wa pamoja, sawa, nitasaini leo. Karakana ya pamoja, tujadili. Mali ya pamoja, hapana. Unakumbuka tulivyogawana? Mpatanishi Umbricht alihangaika nasi miaka, mpaka Mei 1984 ndipo tukasaini Arusha: Kenya asilimia 42 ya mali ya Jumuiya, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba ya kugawana vyombo. Mimi sitaki mwanangu aje akae kwenye kikao kama kile.

FUNDI MSTAAFU: Safari hii mkataba uandikwe na kifungu cha kuachana. Wa 1967 uliandikwa na watu waliodhani hawataachana.

MFANYABIASHARA: Mzee, nakuuliza swali la dukani, si la kisiasa. Nimenunua tiketi Mwanza, nimelipa kwa shilingi ya Tanzania. Mwingine kanunua Kampala kwa ya kwao. Mafuta ya ndege yanalipwa kwa dola. Hiyo hela yangu inalala benki ya nchi gani?

FUNDI MSTAAFU: Zamani ilitakiwa iende Nairobi.

AFISA WA UCHUKUZI: Na haikwenda. Kila nchi ilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni, ikabana za kwake, Nairobi wakadai wanadaiwa, wadai wa nje wakabisha hodi.

FUNDI MSTAAFU: Basi safari hii ilale Arusha, kwenye makao ya Jumuiya.

AFISA WA UCHUKUZI: Nairobi watakwambia Arusha iko Tanzania.

FUNDI MSTAAFU: Kampala, basi.

MFANYABIASHARA: Kampala wana madeni ya Airbus zao, wataanza kujilipa.

FUNDI MSTAAFU: Haya, Kigali. Hawakuwemo kwenye ugomvi wa zamani.

MCHUMI: Kigali wana RwandAir, mzee, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kuifunga.